Bwana Mashavu na Mshale wa Kamishna

Zuwena alikuwa akila vizuri siku zote, isipokuwa siku mtu akipita mbele yake amevaa nguo nyeusi za kuzamia. Asubuhi hiyo alipita mzamiaji mmoja, mgeni, tena anapiga mluzi, na uji wote ukaishia kwenye kanga.

"Haya," Mize alisema huku akimfuta dada yake. "Leo kanga imefungua kinywa kabla yetu."

Zuwena hakucheka. Mdomo wake ulifunguka, ukafumba, ukafunguka, ukafumba, polepole, kama wa mtu anayeinywa hewa. Ulikuwa hivyo tangu mwaka jana. Ukitaka ale, unamwekea vidole viwili chini ya kidevu, unamsaidia kufumba, halafu unangoja ameze. Hospitali walikuwa na jina refu la hali hiyo. Pale kituoni watu waliiita kubaki huko.

"Mgeni wa nani yule?" Mize aliuliza.

Fundi Ngwali alikuwa chini ya kiti cha kuzamia, miguu tu nje, kama aliyegongwa na gari. Alichelewa kujibu, na Ngwali hachelewi kujibu labda awe amekufa. "Wa Kamishna," alisema hatimaye. "Amekuja kukagua maji. Kamishna Shaame anakuja Jumamosi kwenye sherehe ya mwamba. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Na ndiyo umeipata, chini ya kiti."

"Chini ya kiti huwezi kunizaba kofi."

Kituo cha Fungu Kaa kilisimama baharini juu ya nguzo, na chini yake ulitandaa mwamba uliopandwa upya, tumbawe kwa tumbawe, baada ya ule wa zamani kuchemka na kufa. Tumbawe la kupandwa ni kama mtoto aliyelelewa na bibi: linadeka. Akikosekana mkubwa wa kuwatia adabu samaki wadogo, mwaka hauishi mwamba umeshageuka kifusi. Kwa hiyo kila mtaa wa mwamba ulikuwa na chewa wake, mpana kama godoro, na kila chewa alikuwa na uzi kichwani, mwembamba kuliko unywele, na kila uzi ulikuwa na mtu wake juu, kitini. Mtu huyo aliitwa msemaji, kwa sababu akishazama kikavu namna ile, mwili kitini na akili ndani ya samaki, mdomo si wake tena. Kila kinachopita kwenye uzi, cha samaki na cha kwake, hutoka kwa sauti, na spika hukitangaza ukumbi mzima. Mize aliwahi kuwatangazia wageni rasmi kwamba kwapa la fundi Ngwali lilikuwa linamfikia mpaka chini ya maji. Ngwali aliwanunia samaki wote wiki nzima.

Kabla ya Mize, msemaji alikuwa Zuwena, na chewa wake aliitwa Jabali.

Ijumaa moja, watu wameenda kuswali, Kamishna aliomba aonyeshwe Jabali kwa karibu. Aliagiza spika zizimwe, zinamsumbua. Zuwena akakaa kitini, akamtoa Jabali pangoni, akampeleka kwa mgeni. Na Jabali, ambaye kwake mtu mwenye nguo nyeusi alikuwa ni mtu wa kumkuna kidevu, basi, hana jingine, akaenda. Kamishna akampiga mshale wa kichwa.

Mtu hurudishwa kutoka kwa samaki taratibu, kama mtoto anavyotolewa usingizini. Zuwena hakurudishwa. Ngwali aliporudi alimkuta kitini, mdomo unafunguka na kufumba, na Kamishna anapanda ngazi na samaki wake na hadithi yake: chewa alimrukia, yeye akajitetea. Shahidi pekee hakuweza kutaja hata jina lake. Kamishna akapewa nishani. Taya za Jabali zikapachikwa ofisini kwake, na ile bunduki ya mshale ikatundikwa ukumbini Fungu Kaa, chini yake kibao cha shaba: Kumbukumbu ya Ujasiri. Kila Jumatatu Mize aliifuta vumbi. Ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Alichokijua Mize, alikijua kwa uzi wa chewa mwingine, wa mtaa wa jirani, aliyekuwa akichungulia siku ile. Lakini kumbukumbu ya samaki si ushahidi mbele ya kamati yoyote, hata kama kamati yenyewe ina sura za samaki.

*

Mchana alizama.

Kwanza huja baridi, kisha uzito unaondoka, kisha macho yanatanuka mpaka unaona mbele na nyuma kwa pamoja. "Nimefika," mdomo wake ulisema juu, mbali. "Njaa. Kidogo tu. Njaa ya heshima."

Chewa huyu alikuwa Bi Mashavu mpaka juzijuzi. Wengi wa jamaa zake huzaliwa majike. Udume kwao ni cheo, unakaa unausubiri. Akifa dume mkubwa, jike aliyemfuatia kwa ukubwa hujigeuza mwili, hukikalia kiti, na wenzake huendelea na shughuli zao bila kumwuliza mtu. Jabali alipouawa, Bi Mashavu akaanza kunenepa shingo na kutembea kama mwenye nyumba. Sasa alikuwa Bwana Mashavu, dume pekee wa Fungu Kaa, na mwezi ukijaa majike wa miamba yote ya jirani wangekuja kwake kutaga.

Siku hiyo alikuwa akimfukuza pono mmoja mnene. Pono akajichomeka kwenye ufa wa tumbawe, akatulia. Chewa ana mdomo wa kumeza ndoo lakini hana mwili wa kupita ufa. Kwa hiyo Mashavu hakuhangaika. Alikwenda mpaka tundu la Karani, yule mkunga, samaki mrefu kama nyoka na meno yake ya sindano, waliyempa jina hilo kwa tabia yake ya kuingiza kichwa katika mambo ya kila mtu. Alifika mlangoni, akatikisa kichwa upesiupesi. Karani akachomoza, akamfuata. Wakarudi kwenye ufa, na hapo Mashavu akafanya kile ambacho Mize hakuwahi kuchoka kukitazama: alisimama kichwa chini mkia juu, akapauka, akatetemeka mwili mzima, pua ikielekea pale pale alipojificha pono. Yumo humu. Karani akateleza ndani. Pono akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja mdomoni mwa Mashavu.

"Mtamu," mdomo wa Mize ulisema juu. "Ana mifupa mingi kama mjomba Faki."

Ndipo kivuli cheusi kikapita. Yule mzamiaji wa Kamishna alikuwa akipima maji.

Mize hakumtuma samaki. Kanuni ya kiti ni moja: unaomba, hutumi. Lakini moyo wake ulimkumbuka mtu mwingine mwenye nguo kama zile, na chuki ikashuka kwenye uzi kama mafuta kwenye utambi. Mashavu akawa mweusi. Mapezi yakasimama. "Nimshike mguu," mdomo wa Mize ulisema ukumbini, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia. "Nimburute pangoni nimkalie. Yeye ana mtungi mmoja. Mimi nina siku nzima."

Ngwali alianza kumrudisha hapo hapo.

"Unajua umefanya nini?" alimwuliza alipofumbua macho. "Samaki wa watu alikuwa ameshiba, anakwenda kulala. Ule uzi unapita huko na huku, Mize. Unachomchovya nacho ndicho anachokaa nacho."

"Hakumgusa."

"Na Jumamosi?"

Mize alimtazama Zuwena, ambaye alikuwa akifuatisha kwa macho feni ya dari.

"Nisikilize," Ngwali alisema, na kwa mara ya kwanza hakutafuta kichekesho. "Mwaka mzima yule mtu anasema chewa hurukia watu. Mashavu akimkwaruza hata ukucha, utakuwa umemletea ushahidi wake kwenye sahani, na limau juu. Nyuzi zote zitang'olewa. Mashavu atakuwa wa kwanza kuuawa, na majike wakija mwezi ukijaa watataga bila dume, mayai yaende na maji."

"Basi hatamgusa," Mize alisema.

Aliweka kiganja kwenye mkono wa kiti.

"Wageni rasmi huruhusiwa kukaa hapa, siyo?"

Ngwali alielewa upesi kuliko alivyotaka. Macho yake yalikwenda kwenye bunduki ukutani, yakarudi kwa Zuwena. "Mtu akiwa kitini, na samaki akapigwa mshale," alisema polepole.

"Atabaki huko."

"Utamuua Mashavu?"

"Sijasema hivyo."

"Wala sijakusikia ukisema vingine."

Mize alikwenda kuifuta bunduki vumbi, ingawa haikuwa Jumatatu.

*

Kamishna Shaame hakuwa mtu wa kutisha, na hilo ndilo lililomuudhi Mize kupita yote. Alikuwa na tumbo la kupendeza na kicheko cha harusini. Aliwasalimia wapishi. Alisifia halua.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mdogo mtu? Na mgonjwa anaendeleaje?" Akampiga Zuwena begani, pa, kama anavyopigwa mtu aliyefunga goli. Zuwena akateleza kwenye kiti chake, akaingia chini ya meza. Kamishna akacheka kwa huruma, na wageni wakacheka kwa kuwa Kamishna amecheka.

"Atazoea," alisema.

"Inshallah," Mize alisema. "Mheshimiwa, tumekuandalia kiti. Ungetusemea maneno mawili kutoka chini, wageni wafurahi. Ila kama ni mzigo tutaacha, maana wapo wanaosema kwamba tangu ile ajali Mheshimiwa anawaogopa chewa."

"Nani anasema?"

"Watu tu. Si unawajua watu."

Kamishna alivua koti kabla hajamaliza sentensi.

Wakati Ngwali anamfunga mikanda, Mize alivaa nguo nyeusi za dada yake, akaichukua bunduki ukutani, akashuka ngazi ya nyuma. Ukutani vikabaki misumari na kibao cha shaba. Mgeni mmoja alikisoma, akatafuta huo ujasiri kwa macho, hakuuona, akaendelea na halua yake.

Mize alikuwa na kifaa sikioni cha kuusikia ukumbi. Alipofika mbele ya pango alipiga magoti mchangani, bunduki mgongoni, akangoja.

"Baridi," sauti ya Kamishna ilisema sikioni mwake, na nyuma yake makofi. "Lo, naona mpaka kisogo changu. Mabibi na mabwana, nawaambieni, huyu samaki anajiona kama waziri."

Vicheko. Mashavu alitoka pangoni, mkubwa, mtulivu, midomo imening'inia kama ya mzee anayefikiria mahari.

"Kuna mtu," Kamishna alisema. "Mwembamba. Huyu namjua. Mkono wake mtamu. Nakwenda." Wageni wakacheka zaidi.

Mize aliileta bunduki mbele.

Mashavu alikuwa hajapata kuona bunduki mkononi mwa rafiki. Kwake ilikuwa fimbo. Aliendelea kuja, kidevu mbele. Lakini kulikuwa na mtu mwingine kwenye uzi ule ambaye fimbo hiyo aliijua vizuri, mpini wake, mkwaruzo wake, uzito wake.

"Hiyo ni yangu," Kamishna alisema. Vicheko vikapungua. "Hiyo bunduki ni yangu. Mwambieni aishushe. Geuka. We samaki, geuka."

Mashavu hakugeuka.

"Hageuki. Hataki. Anataka kukunwa." Sauti ilianza kupanda. "Mpumbavu huyu, ananyoosha kidevu. Ananyoosha vilevile. Hata yule mwingine alinyoosha vilevile."

Ukumbini kijiko kilianguka.

"Hakunirukia," mdomo wa Kamishna ulisema, na yeye mwenyewe alisikika nyuma ya maneno akijaribu kuyameza. "Alikuja kukunwa. Niliona anakuja polepole, nikamwacha afike, nisimkose. Nilitaka taya. Yule msichana nilijua yumo. Nilijua yumo ndani. Nilisema, ah, atarudi tu."

Basi. Yalikuwa yametoka, yote, mbele ya wageni na koti lililotundikwa.

"Mize," Ngwali alisema sikioni. "Kila mtu amesikia. Shusha."

Hakushusha. Aliisogeza ncha ya mshale mpaka ikagusa kati ya macho ya Mashavu, pale ambapo uzi unaingia, na kidole chake kikakaa mahali pake. Kama angevuta, Kamishna Shaame angelishwa uji maisha yake yote. Kungekuwa na mtu wa kumwekea vidole viwili kidevuni. Angeingia chini ya meza. Mize aliyaona hayo yote, na yalikuwa mazuri.

"Nisamehe," sauti ililia. "Binti, nina wajukuu. Nisamehe. Nisamehe."

Alikuwa anaisikiliza kama mtu anavyosikiliza wimbo aliouomba mwenyewe. Alitaka irudie. Ikarudia. Mashavu alianza kupauka. Michirizi ikamtoka ubavuni, matamvua yakapiga haraka, jicho likazunguka kutoka kwenye fimbo kwenda kwa Mize na kurudi kwenye fimbo. Hofu ya mtu ilikuwa ikishuka kwenye uzi, ikimfundisha samaki fimbo ile ni kitu gani na aliyeishika ni nani. Mize aliliona hilo. Aliliona vizuri, na akakaa kidogo zaidi.

"Zuwena ametoka chini ya meza," Ngwali alisema ghafla. "Anakwenda kitini. Mize, sijui anataka nini. Amesimama mbele yake. Midomo yao inakwenda pamoja. Amemwekea vidole kidevuni. Viwili. Amemfumba mdomo."

Kilio kilikatika sikioni mwa Mize kama redio iliyozimwa.

Hakujua kama hiyo ilikuwa huruma au dharau, na Zuwena hakuwa wa kuulizwa. Alishusha bunduki. Mashavu alipiga mkia, mchanga ukatimka, na ulipotulia hakuwepo.

Ngwali alimrudisha Kamishna taratibu, kwa kanuni zote, hatua kwa hatua.

*

Nishani ilirudishwa. Taya zilishushwa ukutani, na Kamishna, aliyeitwa tena Shaame tu, akawa anangoja kesi yake nyumbani kwa binti yake. Walisema yu mzima, ila hakai na mlango nyuma yake. Mize alikula vizuri siku hizo. Alilala fofofo. Alikitundika kibao cha shaba chooni, na kila mtu alikubali kwamba sasa kimepata mahali.

Zuwena hakupona. Ila mzamiaji akipita, uji haukumwagika tena.

"Tangu siku ile hujakaa kitini wala hujamtembelea mwenzako," Ngwali alisema asubuhi moja, mwezi ukikaribia kujaa. Bado hakuwa anamtazama machoni sawasawa.

"Leo nakwenda. Atakuwa amenuna tu, kama fulani na kwapa lake."

Ngwali hakucheka.

Mize alishuka na mikono mitupu, akaionyesha mbele ya pango, vidole wazi. Mashavu alikuwa mlangoni. Alimtazama. Kisha akampita bila kumgusa, akaenda zake mpaka tundu la Karani, akatikisa kichwa upesiupesi.

Mize alitabasamu nyuma ya miwani. Ana njaa tu. Aliwapisha, kama wafanyavyo wote wa Fungu Kaa wakati wa mawindo: alirudi nyuma mpaka kwenye ufa mpana kati ya matumbawe mawili, akajibana humo, akatulia wasimwone kizuizi.

Walikuja pamoja, mnene na mwembamba. Mashavu alifika juu ya ule ufa, akasimama. Akapinduka kichwa chini mkia juu. Akapauka. Akaanza kutetemeka mwili mzima, pua ikielekea ndani.

Mize aligeuka kuona ni samaki gani aliyejificha nyuma yake.

Palikuwa na tumbawe tupu. Na Karani, ambaye miaka yote hajawahi kumtilia shaka mwenzake, akaingiza kichwa.